Joto Likipungua

Kikwajuni, Unguja
3 Machi 2025

Wifi yangu Kazija,

Pokea salamu zangu za Ramadhani. Leo tumo katika funga ya pili. Mama yako hajambo kwa kadiri ya hali yake. Mkono wa kulia bado haunyanyuki na ulimi bado mzito, lakini asubuhi anakula uji wa mtama na usiku nampondea ndizi. Hafungi, nimemtolea fidia. Paka wake amezaa chini ya kitanda, na kila nikitaka kumtoa mama ananitolea macho, basi nimemwacha.

Nakuandikia kwa barua pepe kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu katikati ya mwezi uliopita simu ya Sufian haiiti. Ujumbe wako ulikuwa mstari mmoja tu, kwamba mdogo wako amekamatwa kwa mambo ya viza na nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Hata mama nimemwambia mwanawe ana kazi nyingi. Lakini mimi ni mkewe, wifi, na mstari mmoja haunitoshi.

Nataka kuja. Najua utacheka, mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni boti ya Pemba leo ataka kwenda Guangzhou. Ndiyo maana nakuuliza wewe unayeujua mji. Mgeni wa mara ya kwanza anahitaji nini? Avae nini, ale nini, aseme nini akipotea? Nieleze kila kitu hata kama unanicheka, nami nitajifunza. Bangili zangu zinatosha nauli, na jirani wa nyumba ya pili amekubali kunishikia mama kwa wiki mbili.

Sijamwona mume wangu mwaka wa pili huu. Nitaridhika hata nikimwona kwa dirishani.

Wifi yako,
Nahla


Guangzhou
11 Machi 2025

Nahla,

Salamu zimefika. Huku tunafuturu kwa tambi za Waislamu wa kaskazini, na tende naletewa na wateja, kwa hiyo usinionee huruma. Habari za mama nimezipokea. Huyo paka mtoe leo hii, mama ana kifua.

Nimecheka, naam. Nimekuona unashuka uwanja wa ndege na kapu lako, unatoa noti, na dereva wa teksi anaitazama kama umemtolea kobe. Hapa hata muuza viazi vitamu wa barabarani analipwa kwa simu. Google hakuna. WhatsApp hakuna mpaka uwe na VPN ya kukwepa vizuizi, na yangu inakufa kila siku, ndiyo maana sizipokei simu zako. Neno la kwanza utakalojifunza ni meiyou, maana yake hakuna. Utauliza chumba, meiyou. Utauliza chakula kisichokuwa na nguruwe, meiyou. Huelezwi kwa nini, na hupewi pole.

Tena mwezi huu wa tatu ni mwezi wa unyevu. Kuta zinatoka jasho, nguo zinakaa wiki kwenye kamba bila kukauka, mkate unaota ukungu kabla hujaumaliza. Mpemba kama wewe utaugua kifua siku ya pili, na mimi sina nafasi ya kuuguza mtu. Usije sasa.

Kuhusu Sufian, mahali alipo hapana dirisha la kuchungulia. Hapigwi, haumwi, hana njaa. Ukianza kuulizauliza watu wa huku, mambo yake yataharibika na lawama zitakuwa zako. Funga mdomo na umtazame mama. Jirani wa nyumba ya pili simtaki kitandani kwa mama yangu. Kama kusubiri hujui, basi mdogo wangu alioa vibaya, na hilo nililisema tangu siku ya harusi.

Kazija


Kikwajuni
5 Aprili 2025

Wifi yangu,

Idi imepita salama. Mama nilimvisha dera la manjano, nikamtoa barazani, watoto wakaja kumpa mkono na kuchukua peremende. Kifua chake kimetulia. Paka nimemtoa kama ulivyosema, akarudi kwa dirisha la jikoni.

Nimejifunza neno lako. Muuza samaki aliniuliza kama nina chenji, nikamwambia meiyou, akadhani namtukana. Mama alisikia akacheka kwa upande wake mmoja wa mdomo, na tangu kiharusi kimpate nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza. Maneno hayajarudi. Neno analoweza ni moja, unalijua, ni Sufi. Akitaka maji husema Sufi, akiumwa husema Sufi. Ninamjibu anakuja, mama, anakuja.

Pasipoti yangu imetoka. Nimeshona na baibui jepesi. Je, mwezi wa tano unafaa? Niambie na mambo ya vyakula, nasikia mtu aweza kubeba mchele wake na jiko dogo la umeme.

Nina ombi moja, na hili nakuomba kwa Mungu. Simu yetu ya mwisho mimi na Sufian tuligombana. Lilikuwa jambo la kipuuzi, dishi la televisheni, alitaka nilihamishe juu ya paa nami nikamwambia njoo ulihamishe mwenyewe. Nikakata simu. Mwambie nimelihamisha. Mwambie nimemsamehe, naye anisamehe.

Nahla


Guangzhou
24 Aprili 2025

Nahla,

Mama kuvaa dera la manjano sipendi, linamfanya aonekane mgonjwa zaidi. Mvishe kijani. Huku ni maonyesho makubwa ya biashara, mji umefurika. Hata vyumba vya wateja wangu nimevipata kwa kuviombea dua, na wewe unauliza mwezi wa tano. Mwezi wa tano ni mvua. Siyo mvua yenu ya kupiga bati ikapita, hii inakuja kwa ubavu, mwavuli unageuka, na maji yanapanda mpaka magotini wakati mabelo yako ya nguo bado yamo juu ya mkokoteni pale Guangyuan Xilu. Nimeona mchukuzi anateleza na belo linampita juu ya mguu. Laoban mwenye duka alitoka kutazama belo. Mji ndio huu unaotaka kuja kutembea na jiko lako la umeme, ambalo hoteli watalichukua siku ya kwanza.

Salamu zako nimemfikishia. Nilisimama mbele yake nikayasema yote, dishi na msamaha. Hakusema kitu. Labda hajasamehe, mimi sijui yaliyo kati ya mtu na mkewe.

Nikwambie kweli, kwani hakuna mwingine wa kukwambia. Wenzako wanapoulizia viza huacha watoto nyumbani, wakawalilia uwanja wa ndege. Wewe miaka saba ya ndoa hukumpa mdogo wangu hata mimba ya kuharibika. Mtoto wako ni mama yangu. Huyo ndiye uliyepewa, basi mlee.

Kazija


Kikwajuni
10 Juni 2025

Wifi,

Barua yako niliifunga nikakaa nayo mwezi na nusu. Sasa najibu yaliyo muhimu. Mama aliugua kifua, siku nne hakula, tukampeleka hospitali usiku na mchana tukazunguka naye kwa kiti. Amerudi nyumbani. Amekonda. Nimemvisha kijani.

Idi kubwa tumeila kwa supu tu. Nilijipaka piko mpaka viwiko, usiniulize kwa nini. Nilijiambia pengine mwaka huu tutaonana, na mke hamwendei mumewe na mikono mitupu ya jikoni.

Sikuombi tena nije. Nakuomba sauti yake. Dakika moja, akohoe tu, nitamjua kwa kikohozi. Kama ameniacha niambie, nitalia siku mbili nitanyamaza. Kama ameoa huko niambie pia. Mimi si mtoto, wifi. Lisiloelezwa ndilo linaloniua.

Nahla


Guangzhou
14 Juni 2025

Nahla,

Nimesikitika kwa mama. Nakushukuru kwa hospitali, hilo nalisema kwa haki, umefanya inavyotakiwa. Usimpe ndizi mbichi.

Sauti hakuna. Unadhani ni hoteli pale, mtu anaagiza simu chumbani? Hajakuacha. Hajaoa, wala hana nia ya kuoa. Hilo nakuhakikishia kwa kiapo chochote unachokitaka, na ukome kuniuliza.

Na safari isahau mpaka mwezi wa kumi. Joto la hapa si la kwenu lenye upepo wa pwani. Hili linakukalia kichwani, linakaa na wewe, linalala na wewe. Wateja wangu vijana, wanaume, nawaona Zhanxi wameegemea milango ya maduka ya viatu midomo wazi, wamesahau hata bei waliyotaja. Wewe utaanguka mtaani na hutakuwa na neno la kuitia msaada. Joto likipungua nitakuandikia mwenyewe, nikutumie na kila kitu. Mpaka hapo kaa na mama.

Kazija


Kikwajuni
1 Julai 2025

Wifi yangu Kazija,

Natumaini u mzima. Huku tu wazima. Mama anakula, choo chake kizuri, amelala sasa hivi na paka miguuni.

Nimetii. Sitakuja mpaka joto lipungue, na habari za Sufian sitakuuliza tena. Umenieleza vya kutosha.

Nina shida nyingine. Shangazi yangu wa Pemba amepata viza ya matibabu, anakuja Guangzhou katikati ya mwezi wa nane. Ni mtu mzima sana, upande mmoja umelala kama wa mama, hajapanda hata ndege ya kwenda Dar es Salaam. Wamenitegemea mimi kwa kuwa wanajua nina wifi huko. Nipe nasaha za mgeni wa mara ya kwanza, mzee, asiyejiweza, katika joto hilo. Niandikie kama ungekuwa unamwandikia mama yako.

Juzi nilikutana Darajani na Benedicta, yule mama wa Moshi anayenunua nguo huko. Amekusifu sana.

Nahla


Guangzhou
5 Julai 2025

Nahla,

Benedicta alikwambia nini? Yule anapenda kusema, na nusu ya anayoyasema ameyaota kwenye ndege. Nijibu hilo kwanza.

Shangazi yako pole yake. Ama nasaha, hapo umeuliza kwa mwenyewe, maana wageni niliowapokea mimi hata idadi sijui, na hakuna aliyenifia mkononi. Andika vizuri.

Kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kukata tiketi, asisubiri siku ya safari. Wakishaandika, atasukumwa kutoka mlango wa ndege mpaka teksi, na foleni ya uhamiaji atapitishwa pembeni. Jina lake, la hospitali na la hoteli viandikwe kwa herufi za Kichina, kubwa, avae shingoni. Wachina hawa ukiwasemesha Kiingereza watakukimbia, lakini mzee mwenye karatasi shingoni watamfikisha mpaka kitandani. Hilo nimeliona kwa macho yangu, wanaheshimu mvi kuliko sisi tunavyojisifu.

Simu iwekewe programu nyumbani kabla ya kupanda ndege, ya kulipia na ya VPN pia, kwani ukishaingia huipakui tena. Pasipoti ikae ndani ya nguo. Akilala hotelini, hoteli itamwandikisha polisi yenyewe. Akilala nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba ampeleke kituoni siku hiyohiyo, la sivyo maswali yatamwangukia mwenye nyumba.

Nguo ziwe za pamba, nyepesi, na shali moja nzito. Hii shali watu wanaidharau. Nje ni tanuri, ukiingia dukani au kwenye treni ya chini wamewasha ubaridi wa kuhifadhia nyama. Mzee hafi kwa jua, hufa kwa kutoka na kuingia. Asitolewe nje baina ya saa nne na saa kumi. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa na karatasi hamna, basi nepi za watu wazima zije za kutosha. Maji ya moto yapo kila mahali, uwanjani, stesheni, hospitalini, bure, aje na chupa yake. Chakula kitafutwe kwenye kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu, aagize uji wa mchele mweupe. Kwingineko uji wanautilia mafuta ya nguruwe na hawaoni kosa. Mbu nao wameanza, aje na dawa ya kujipaka. Kukitangazwa tufani, tahadhari ikawa nyekundu, ajifungie na mkate na maji, na asimwamini mtu anayemwambia itapita.

Asinitafute mimi, nina kazi. Lakini akipotea kabisa, nakutumia picha ya anwani ya ofisi yangu kwa Kichina. Nipo kila siku ila Alhamisi, Alhamisi huwa Shiling na wateja wa mikoba mpaka alasiri.

Na huyo anayemleta mzee wa kiharusi hapa mwezi wa nane, mwambie nimesema mimi kwamba hana roho.

Kazija


Kikwajuni
28 Julai 2025

Wifi yangu,

Ahsante. Kila ulichoandika nimekifuata, shali, nepi, chupa, karatasi ya shingoni. Kiti kimeombwa. Huyo anayempeleka nimemfikishia maneno yako, akasema umesema kweli.

Benedicta alisema huko kuna joto.

Nahla


Kwa mkono, Guangzhou
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kazija,

Ukiisoma karatasi hii, mtu niliyemwekea mapajani umeshamwona. Yuko katika saluni ya jirani yako Njambi, kwenye ubaridi, shali begani. Njambi nilimwambia mimi ni wifi yako na nina gari linanisubiri. Akasema, "Usijali, sister, huyu ni mathe wetu sote," akamletea maji ya moto. Mshukuru.

Shangazi sina. Baba yangu hakuzaliwa na dada, na siku ya harusi ungekaa na watu wangu badala ya kununa chumbani, hilo ungelijua.

Sasa nikueleze alichosema Benedicta. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa sita, Darajani, kwenye maduka ya vitambaa. Alinikumbatia. Akaniambia, "Pole sana, mama. Nilitaka kukupigia siku ile ile, lakini Kazija alitukataza wote. Alisema upo ndani ya eda, mila yenu haitaki simu za watu. Mimi Mkristo, nikasema niheshimu. Nimehesabu hiyo miezi minne na siku kumi, nikaona sasa umetoka. Umetoka salama?"

Nikamwambia nimetoka salama. Ulitaka nifanye nini, nimwangukie katikati ya vitambaa? Nikamuuliza taratibu kama mtu anayejua, naye akanieleza yote. Mwezi wa pili, tarehe kumi, Guangyuan Xilu, Sufian anapakia mabelo ya mteja wako wa Kariakoo, akashika kifua, akakaa juu ya belo, hakuinuka. Mkamzika kesho yake. Benedicta alisimama nje ya ukuta wa makaburi na kitambaa kichwani. Watu wa Unguja na wa Dar wote walikuwepo, na wote ukawaambia mke keshapewa habari, amefungiwa ndani, asisumbuliwe. Mimi huku ukaniambia nisimuulize mtu, mambo yake yataharibika. Kila upande ulijengea ukuta, Kazija, kazi nzuri. Ila ukuta wako ulikuwa wa eda, na eda ina mwisho. Ulipofika mwisho watu wakaanza kunipa pole.

Nilikwenda kwa sheikh. Nilitaka kuanza kukaa eda siku ileile, nikamwambia niko tayari. Akaniuliza mume kafa lini. Akapiga hesabu kwa vidole, akanitazama, akasema, "Bibi, eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, ujue usijue. Yako imekwisha." Imekwisha, Kazija, na sikuikaa hata siku moja. Idi nilivaa rangi. Idi kubwa nilijipaka piko mpaka viwiko, nimo ndani ya eda ya mume wangu, najipamba kumwendea. Mjane wa kijijini kwetu asiyejua hata kusoma hupewa hiyo miezi yake, hukaa, hulia, watu humletea chakula. Mimi ulininyang'anya nimkoshe mama yako.

Kwa nini ulifanya hivyo nimeelewa bila kuambiwa. Mjane asiye na mtoto hurudi kwao. Ungempata wapi mtu wa kumgeuza mama usiku? Ungekuja wewe? Miaka mitatu tangu apooze hukuja hata kwa hitma ya kaka wa baba yako. Ungeniambia tu. Ungeniambia, Nahla, Sufian amekufa, nakuomba ubaki na mama. Wallahi ningebaki. Hilo ndilo nataka ulale nalo.

Usiku ule nilirudi nikamkosha kama kawaida, nikampondea ndizi, akasema Sufi, nikamjibu anakuja. Nilimchukia, nakwambia kweli. Hakunifanyia kitu na nilimchukia, kwa kuwa ni wako.

Kaburini nimefika jana asubuhi, Benedicta yuko huku kununua mzigo, kanipeleka. Nilimwambia juu ya dishi. Ni kama ulivyoniandikia, hakusema kitu.

Sasa nasaha kwa mgeni, maana kwa mama yako wewe ndiye mgeni. Ageuzwe kila anapoamka, kwanza upande mzima. Uji usiwe wa moto, hawezi kukuambia unamuunguza. Dawa ya presha ni ile nyeupe, ya kifua ni ya maji. Nepi zipo za wiki mbili. Usimvue shali kwenye ubaridi, ulisema mwenyewe. Kumbuka kumpeleka polisi akaandikishwe, ukichelewa maswali yatakuangukia wewe. Viza yake ni ya mwezi mmoja, kuiongeza utajua mwenyewe unayeujua mji. Paka nimempa jirani wa nyumba ya pili.

Mama hajui kitu. Nilimwambia tunakwenda kumwona Sufi. Alitaka nimpake hina kwenye kucha, akaninyooshea vidole mwenyewe, ili mwanawe amkute safi. Njia nzima alikuwa na furaha, wahudumu wa ndege wakawa wanamtania. Jina lako miaka yote mitatu hakulitaja hata mara moja, kwa hiyo usitegemee atafurahi kukuona wewe. Atakuuliza neno lake lilelile. Nimelijibu peke yangu, tangu mwezi wa pili. Sasa mjibu wewe.

Mimi narudi Pemba, kwetu. Nitakaa chumbani miezi minne na siku kumi, ihesabiwe isihesabiwe.

Umesema anayemleta mzee wa kiharusi hapa mwezi wa nane hana roho. Ndiyo. Nilikuwa nayo mwezi wa sita.

Nahla


Guangzhou
15 Agosti 2025

Nahla, huu ni unyama. Yule ni kikongwe. Pokea simu. Nimekupigia usiku kucha. VPN inafanya kazi, pokea.


Guangzhou
12 Oktoba 2025

Wifi yangu Nahla,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wazazi wote hapo Pemba. Mimi si mzima sana lakini nashukuru Mungu. Mama hajambo. Anakula uji wa mchele. Dawa ya maji ilikwisha, nimepata ya Kichina, chungu, anaitema. Viza nimeiongeza mara moja, mara ya pili wamekataa. Kwenda Shiling nimeacha, siwezi kumwacha, na Njambi amechoka kumshika. Wateja wengi wamehamia kwa wengine. Usiku anaamka mara nyingi, namgeuza kwanza upande mzima kama ulivyoandika.

Sikuandikii kukulaumu. Kwa lile la eda sina neno, nimelitafuta nimelikosa. Nakuandikia kuuliza jambo moja tu, na nakuomba unijibu hata kwa mstari mmoja. Ulikuwa ukimwambia vipi hata ananyamaza? Mimi nikimwambia anakuja, hanyamazi. Amekaa dirishani, ghorofa ya kumi na nne, anatazama watu wa chini na kutaja jina lake mchana kutwa, na zile kucha zake za hina zimebakia rangi ncha tu.

Nilijaribu kumwambia kweli. Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikamshika mkono. Alinitazama usoni akatabasamu kwa upande wake mmoja, akadhani nakuja kumpa habari ya kuwasili kwake. Sikuweza. Nikamwambia Sufi yuko mji wa mbali kwa kazi, na atakuja joto likipungua.

Joto limeanza kupungua.

Kazija